Mwaka Uliofuata Maua ya Mianzi

Ziwa Ñirehue,
katikati ya Novemba

Kwa kaka yangu mpendwa Wenceslao,

Salamu nyingi, kaka, na baada ya salamu nakuuliza hali yako. Najua kila barua huanza hivi, na najua wewe huiruka mistari hii ukakimbilia habari. Leo usiruke. Hujambo kweli? Umelalaje? Una homa? Mgongo na mapaja vinakuuma bila ya kazi? Ukipanda kile kilima cha nyuma ya zizi, pumzi inakukata? Jijibu swali moja moja, bila kujidanganya, kisha ndiyo uendelee kusoma. Mimi mpaka asubuhi hii sijambo. Nimepima joto la mwili kabla ya kushika kalamu na nitapima tena nikimaliza, maana siku hizi hiyo ndiyo sala yangu.

Ujumbe wa redioni umeusikia, sina shaka, kwa sababu nilimwomba mtangazaji ausome asubuhi baada ya bei ya sufu na jioni kabla ya muziki: Wenceslao Antimil asitoke nyumbani, anakuja mtu na barua. Zaidi ya hapo sikutaka aseme. Redio ile inasikilizwa na jimbo zima, na mambo yetu si nguo za kuanika barabarani. Isitoshe, nakujua. Ningetangaza yote ungekuwa umeshatandika farasi na kupotelea nyikani kabla wimbo haujaanza.

Nina ombi moja, nalo linahusu uhai wako, sikufichi. Nitaliweka mwishoni, kwa sababu nikiliweka hapa utalikataa halafu utafute sababu baadaye, ndiyo tabia yako tangu utotoni. Kwa hiyo keti chini. Mfunge mbwa asikusumbue. Ninaogopa, Wense. Hata ile siku breki zako zilipokatika pale konani ukaingia ziwani na baiskeli yako, sikuogopa hivi.

Nianzie mwaka jana, mwezi kama huu, wewe ukiwa huko juu shambani unawanyoa kondoo. Mimi na mume wangu Osmar tulikuwa upande wa kusini wa ziwa tukikata matawi yaliyoiingilia njia yetu ya baiskeli, tukaona mianzi imechanua. Si shina moja wala mawili, bali mteremko mzima, kutoka majini hadi kwenye miamba. Maua yenyewe hayana sura, yana rangi ya majani makavu, ukipita mbio huwezi kuyaona. Osmar alizima msumeno akayatazama. Unakumbuka bibi yetu alivyokuwa akituambia, mianzi ikitoa maua funga ghala, mtoe paka jikoni, mwache alale nje? Sisi tulikuwa tukicheka, kwa sababu bibi huyo huyo alisema ukipiga mluzi juu ya baiskeli mnyororo unakatika. Yeye aliyaona maua hayo mara moja tu maishani mwake, akiwa msichana. Siku ile hatukucheka. Tulimaliza kazi mapema na kurudi nyumbani.

Kiangazi mbegu zilianguka. Zilijaa njiani kama mchele uliomwagika sokoni, magurudumu yakawa yanateleza juu yake, mgeni mmoja akavunjika mkono kwenye tambarare kabisa, mahali ambapo hata mama mjamzito angepita. Wageni walikuwa wengi mwaka ule na tulifurahi. Nilipowaambia wenzetu kwamba mbegu zile zina wa kuzila, walinijibu eti Rosaura nawe, kila kitu kwako ni msiba, wacha ndege washibe. Hawakuwa ndege, kaka.

Majani yalipogeuka mekundu ndipo tulipowaona. Mwanzoni ilikuwa sauti tu. Unashuka kasi, upepo masikioni, na bado unasikia majani makavu yakichakarika pande zote mbili za njia. Halafu wakaanza kukatiza mbele ya gurudumu, panya wadogo wenye mikia mirefu kuliko miili yao, mchana kweupe, bila haya. Utake usitake unawakanyaga, huna njia nyingine. Nilirudi nyumbani nikaiosha baiskeli kwa maji ya klorini, Osmar ananiangalia mlangoni. Aliniuliza kama nina mpango wa kuipeleka kanisani. Nilimwambia anyamaze alete sabuni.

Baadaye chakula kiliwaishia msituni wakateremka ziwani kunywa, wakafia huko huko. Ukingo mzima wa kaskazini, pale watoto wanapoogelea, maji yalikuwa yanapiga kokoto kwa mizoga. Watu wa afya wakaja na barakoa zao. Walituita sote tunaotunza njia, wakatufundisha kuhusu virusi vya panya mkia-mrefu: kwamba vimo kwenye mkojo na kinyesi chake, kwamba vikikauka vinaruka na vumbi, na mtu akivivuta ndani haumwi kesho wala keshokutwa. Anaweza kukaa hata mwezi na nusu yu mzima, anakula, anacheka, kumbe virusi vimo ndani yake. Na huku kwetu, walisema, mgonjwa anaweza kumwambukiza mzima. Walitupa sheria moja ya vibanda vyote vilivyofungwa: fungua mlango, fungua madirisha, ondoka, kaa nje, ingia baadaye umwagie maji ya klorini, ukisugua usugue kwa kitambaa kibichi. Kufagia pakavu ni marufuku. Tulirudia kama watoto wa darasa la kwanza.

Wewe hukuwepo. Nilikuandikia, na ukanijibu, barua yako ninayo kichwani, kwamba wanawake wa ziwani siku hizi mnaogopa hata panya, na kwamba huko uliko panya ndio wanaokupikia chai. Osmar alicheka hadi akakohoa. Alisema shemeji yangu huyo, hata akizikwa atamdhihaki mchimba kaburi.

Majira ya baridi theluji ilifunga njia, na mianzi ilikufa yote. Ukitoa maua umekwisha, ndivyo mmea ule ulivyo. Ilisimama mikavu ikigongana upepo ukivuma, na sauti ile ilivuka maji ikafika mpaka jikoni kwangu. Kila dhoruba iliangusha mingine juu ya njia. Tulivaa viatu vya theluji tukaenda kukata, tukafungua, tukarudi, wiki inayofuata imeziba tena. Nilidhani baridi imewamaliza panya. Tulitaka kuamini hivyo, kaka, tulichoka kuogopa.

Basi Oktoba ikafika, theluji ikayeyuka, na wewe ukashuka na lori la sufu kwa ajili ya mzunguko wa kwanza. Huo hatujawahi kuukosa. Tangu tulipoanza, sisi watatu na sururu mbili, kugeuza njia za ng'ombe kuwa njia ya baiskeli baada ya kiwanda cha mbao kufungwa, mgeni haruhusiwi kukanyaga mpaka walioshika jembe wazunguke ziwa kwanza. Na wewe ndiwe uliyeweka utaratibu: wa mbele awahi Kibanda cha Ng'ambo, awashe moto, abandike birika, wa nyuma abebe jembe na azibue mitaro, maji yasije yakakata njia. Miaka yote wa mbele ni mimi. Safari hii nilikwambia nataka kubaki nyuma kwa sababu mtaro wa pale Konani kwa Wense niliuchimba mwenyewe na sitaki mtu mwingine aushike. Ukaniambia sema tu umezeeka, mama, magoti yanalia kuliko mnyororo wako. Nikakuambia tangulia basi tuone, usije ukaogelea tena.

Ulitangulia. Nakuona hadi sasa, matope mgongoni, unasimama juu ya pedali, huonekani kabisa kuwa na miaka hamsini na tano. Osmar akakufuata, mimi nikabaki. Mtaro ulikuwa umeziba kwa mianzi na kokoto, nikahangaika nao muda mrefu, na mvua ikaanza kuchanganyika na theluji. Maji yalipopata njia yake nilifurahi mno, nikaimba. Chupa ya klorini ilikuwa ndani ya mkoba wangu mgongoni, Wense. Nilikuwa naimba na dawa iko mgongoni kwangu.

Nilipofika, kibanda kilikuwa kinatoa moshi. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya baridi. Ndani palikuwa na joto, pasafi, birika linatokota, na ninyi wawili mmeshavua makoti mnataniana. Wewe ulikuwa unamwambia Osmar kwamba anaendesha baiskeli kama anapeleka mayai sokoni. Naye anakujibu kwamba afadhali mayai kuliko wewe unayepeleka mifupa hospitali usiyoipenda. Nilitazama sakafu, nikaona ufagio umeegemezwa ukutani. Niliuliza, kibanda mmekipitisha hewa? Osmar alijibu haraka, kabla yako, kwamba kila kitu kimefanywa, niketi nipate moto. Nilimwamini mume wangu. Tukakaa, kibuyu cha chai ya mate kikazunguka, mrija mmoja vinywa vitatu, kama siku zote. Ulituchomea mbavu za mwanakondoo. Kesho yake ulipanda lori ukarudi kwa kondoo wako.

Wiki tatu na ushee baadaye Osmar alirudi kutoka njiani akasema mapaja yanamuuma. Nilimwambia umri. Nilimpa limau na asali, nikamfunika blanketi mbili. Siku ya pili ana homa, siku ya tatu bado homa, na yeye anasema mafua tu, Jumamosi wageni wanakuja, kuna daraja la magogo halijapigwa misumari. Siku iliyofuata alijaribu kuinuka kwenda msalani akashindwa kuvuta pumzi, akanishika mkono akanitazama. Macho yale, kaka. Nilijua hapo hapo, kama mtu alikuja akaniambia sikioni.

Wense, Osmar amefariki. Nimeyazungusha maneno haya ukurasa hadi ukurasa na hakuna namna nyingine ya kuyasema. Alifia hospitalini, Alhamisi, mapafu yamejaa maji, mashine ya oksijeni usoni. Hatukukesha naye. Walimfunga kwenye jeneza lisilofunguliwa wakampeleka moja kwa moja makaburini, na mimi sikumzika, kwa sababu nimo karantini hapa nyumbani hadi mwezi ujao. Nilimsindikiza kwa dirisha, gari la jeneza lilipopita. Vijana wa njia na hata wale wa duka la baiskeli walikuja wote, wakaacha nafasi nyuma ya gari, wakatembea wakikokota baiskeli zao bila kupanda. Mtaa mzima ulikuwa kimya, ikasikika tu tiki-tiki ya magurudumu. Jirani yangu Edelmira huniachia maandazi ya mafuta ya kondoo kwenye nguzo ya geti, anabisha, anakimbia. Simlaumu. Na mimi ningekimbia.

Sasa sikiliza lililobaki, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kabla hawajamvika ile mashine, Osmar aliniambia kilichotokea kibandani. Alisema alipofika, wewe ulikuwa umeshafagia, na vumbi lilikuwa bado linaelea kwenye mwanga wa moto. Alijua papo hapo. Sheria alikuwa anaijua kama mimi. Lakini ulikuwa umesimama na ufagio mkononi, umefurahi, unamwambia mama angekuwepo leo angesema nimemlea mtoto. Alisema hakuwa na moyo wa kumwaibisha shemeji yake siku ya furaha, tena baridi ilikuwa kali, akasema liwalo na liwe, akaingia akafunga mlango. Ndiyo maana alinijibu haraka vile nilipouliza. Kisha akaniapisha. Alisema, Rosaura, Wense asijue. Mwambie ni mafua, mwambie ni moyo, sema lolote, lakini asijue kwamba ni vumbi lile, maana atalibeba mpaka kaburini. Nikamwapia. Yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho, na mimi leo nayavunja.

Kiapo cha pili nilichokivunja ni chako. Ile siku ulipovunja mfupa wa bega ukamwita mzee wa kuunga mifupa badala ya daktari, ulinishika ukaniambia nisikupeleke hospitali kamwe, hata ukiwa unakata roho, kwa sababu mama aliingia pale kwa miguu yake akatoka kwa miguu ya watu. Niliapa, na nilikusudia. Basi daktari Iturra alipokuja getini na barakoa yake akaniuliza nani mwingine alikuwa kibandani, nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka akaanza kuondoka. Halafu nikamwita, nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia, nikakutaja jina, na shamba, na barabara ya kufikia, na alama ya lango. Aliniambia aliyefagia ndiye aliyevuta vumbi jingi kuliko sote. Aliniambia pia kwamba anayefika hospitali kabla ya pumzi kumwishia ana matumaini, na anayefika kama alivyofika Osmar ana machache. Ulipo wewe kutoka hospitali ni safari ya kutwa nzima kwa gari. Hiyo homa ikikuanzia huko peke yako na kondoo, utakunywa chai ya majani, utalala, basi.

Najua unachokiwaza sasa hivi, nimelala nyumba moja na wewe miaka kumi na tisa. Unawaza umemuua Osmar. Nisikilize mimi mjane wake, maana hakuna mwingine mwenye haki ya kukuambia hili: ulifagia ili tukute pasafi. Mama alitufundisha ukifika mahali fagia, ukiondoka fagia, na wewe umetii hata mama alipokuwa hayupo. Mimi nilikuwa na dawa mgongoni nikachelewa kwa ajili ya mtaro. Osmar aliliona vumbi akaingia. Kila mmoja wetu siku ile alifanya kwa kumpenda mwenzake, na panya hajui mambo hayo. Nina hasira, ndiyo. Nina hasira na mianzi, na Mungu tunagombana kila asubuhi. Na wewe nina hasira, siwezi kusema sina. Lakini nataka nije nikugombeze uso kwa uso, ukiwa unapumua.

Basi ombi langu ni hili. Aliyekuletea barua hii ni Nicanor, mtoto wa muoka mikate, uliyemfundisha kuendesha baiskeli bila kushika usukani. Gari lake si lori la sufu, ni la hospitali, na hajaondoka. Yuko langoni sasa hivi unaposoma. Nimemwambia asikuharakishe na asiondoke bila wewe hata giza likiingia. Hatakupa mkono, usikasirike, na wewe usimpe. Usipite jikoni kuwaaga watoto wa mpishi. Wapungie mkono kutoka mbali. Kondoo wana mwenyewe na mbwa atapata wa kumlisha. Ukiwa huna homa watakukalisha kwenye chumba chenye dirisha la kutazama ziwa, watakupima kutwa mara mbili, na siku zikiisha utatoka kwa miguu yako, nami nitakuwa nimesimama nje nakungoja na baiskeli mbili. Ukiwa nayo, basi utakuwa umewahi. Osmar hakuwahi. Mimi nimebaki na mtu mmoja duniani aliyemjua mama yangu, na mtu huyo amekaa mezani anasoma barua badala ya kusimama.

Konani kwako maji yameshaanza kukata njia tena. Nimewakataza vijana wasiguse mpaka urudi.

Nipelekee salamu zangu kwa mpishi na wanawe, kwa sauti, ukiwa hatua nyingi kutoka kwao. Nawe nakukumbatia kwa mbali, kama inavyotulazimu. Nimepima sasa hivi, bado sina homa. Mungu atuweke.

Acha barua hapo mezani, chukua koti lako, toka nje. Na nakusihi, Wense, nyumba iache ilivyo. Usifagie.

Ni mimi mdogo wako,
Rosaura